Asiyekuwepo Anyooshe Mkono

Mshauri wangu mpendwa,

Shikamoo kama umri wako unaistahili, na kama wewe ni wa rika la wajukuu zangu basi marahaba, tumalizane mapema. Mimi ni mzee ambaye tangu azaliwe hajawahi kuomba msaada kwa mtu yeyote, awe jirani, awe mkubwa wa ofisi, awe Mungu mwenyewe, na mtaa mzima utanishuhudia. Huo ni uongo. Hata kalamu hii nimeiazima, na kamba za viatu leo asubuhi nimefungwa na mke wa mwanangu kwa sababu kiuno kimegoma kuinama, na alipomaliza akanipigapiga gotini kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza. Kwa hiyo naomba, tena naomba kwa magoti yote mawili, lile zima na lile bovu, maana maji yamezidi unga na sina wa kumwambia, kwani yule niliyekuwa nikimwambia kila kitu ndiye huyohuyo ambaye habari zake zinaninyima usingizi.

Shule niliiacha nikiwa mdogo, au tuseme shule ndiyo iliyoniacha, ilikwenda zake mbele mimi nikabaki, kwa hiyo ukikuta nukta imekosekana iweke mwenyewe.

Hapa kwetu kuna chama cha hisani. Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya zahanati, kina meza ya mbao, viti vya plastiki ambavyo kimoja kimefungwa waya mguuni, na chupa ya chai ambayo haijawahi kumwunguza mtu ulimi. Kila msimu wa joto, shule zikifungwa, chama hukodi basi na kutupeleka matembezi sisi wazee pamoja na familia. Utaratibu wake ni mzuri, nisiuchafue kwa sababu ya dhambi zangu. Mzee asiye na watu wa kwenda nao huazimwa kwa familia ya siku hiyo, mnakaa pamoja, mnakula pamoja, watoto wanakuita babu mpaka jioni, halafu kila mtu anarudishwa alikotoka kama sufuria ya jirani. Mwenyekiti wetu ni mkunga mstaafu, na nusu ya mtaa imepitia mikononi mwake, ndiyo maana hakuna anayembishia, maana utambishiaje mtu aliyekuona siku ile ya kwanza ukiwa hivyo ulivyokuwa?

Mimi kazi yangu ni mdomo. Naitwa Kipaza, na ukinisikia hutauliza kwa nini. Mimi ndiye ninayebisha hodi kwa wazee waliokataa kutoka, nawachokoza mpaka wanatoka kwa hasira. Kuna bibi mmoja alinifungia mlango usoni. "Chama cha kutembeza wazee! Kwani mimi karanga, nitembezwe?" Nikamjibu kupitia tundu la kitasa, "Tulia bibi, karanga hutembezwa zikanunuliwa, wewe tutakurudisha tu." Akacheka mpaka akavaa viatu. Tangu siku hiyo hakosi safari, na kiti cha dirishani ni chake, ukikikalia anakukalia.

Sasa ndiyo nifike kwa rafiki yangu. Ni fundi seremala mstaafu, mtaa mzima tunamwita Kimya, kwa sababu maneno kwake ni kama misumari, hapigi hata mmoja usiohitajika. Ujanani tulipanga nyumba moja, ukuta wetu ulikuwa mmoja, nikikohoa upande huu yeye anageuka upande ule. Mke wangu alipofariki watu wote walikuja na maneno, tena mengine marefu mno. Yeye alikuja na randa. Aliung'oa mlango wangu uliokuwa unakwaruza sakafu, akaupiga randa chini, akaurudisha, akaufungua na kuufunga mara kadhaa, akaondoka. Hakusema pole. Lakini mpaka leo kila nikiufungua mlango ule nasikia pole.

Na huyo ndiye msikilizaji wangu. Kimya hacheki kwa mdomo, hucheka kwa mabega. Mimi nasema upuuzi wangu, wengine wanapiga makelele, mimi macho yangu yako kwenye mabega ya Kimya. Yakitikisika najua kichekesho kimeiva. Yasipotikisika najua watu wamenihurumia tu.

Mwenyekiti alikuwa na desturi yake, kwamba kabla basi halijaondoka anasimama mlangoni anaita jina moja moja na kila mtu anaitika. Wazee hawakuipenda. Bibi wa Karanga ndiye aliyenung'unika zaidi. "Nimezaa, nimelea, nimezika mume, leo niitwe jina niseme nipo, kwani tumekuwa wafungwa?" Basi siku moja, Mwenyekiti akiwa chini anazozana na dereva, nikasimama katikati ya basi, nikapaza sauti: "Jamani, tunaondoka! Asiyekuwepo anyooshe mkono!"

Mshauri, basi zima lilivunjika mbavu. Wazee walijifuta machozi, watoto wakaanza kutazamana nani ananyoosha, na mabega ya Kimya yalitikisika mpaka kofia ikaanguka. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu, hakuna tena kuita majina. Mwenyekiti alikunja uso mara ya kwanza, mara ya pili naye akacheka, na mkunga akicheka ujue sheria imepita.

Safari ya karibuni tulikwenda bwawani, kwenye ile bustani yenye madawati ya saruji. Kimya aliazimwa kwa mama mmoja mwenye mapacha, na wale watoto walimpanda kama ngazi. Aliwachongea mashua kwa kipande cha boksi, na nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia, "Njooni." Neno zima, na hakuwa ameulizwa swali! Nilitaka kumwita dereva aje ashuhudie.

Alasiri pacha mmoja akaanza kutapika, shemeji yake yule mama akaja na gari kuwachukua. Kabla ya kuondoka mama alinifuata, mtoto yuko begani, akaniambia, "Babu Kipaza, sisi tunatangulia. Babu yetu ameingia chooni. Nimemwambia akitoka akutafute wewe. Mwangalie, tafadhali."

Alinikabidhi mtu, Mshauri, tena kwa Kiswahili cha kueleweka, na mimi nikamjibu nini? "Usiwe na wasiwasi, mama. Kimya hawezi kupotea, hana mdomo wa kuulizia njia."

Alicheka, mtoto anamtapikia begani naye anacheka, akaenda zake. Kichekesho kile nilikipenda. Nikampelekea dereva, akacheka, nikampelekea Bibi wa Karanga, akanipiga kofi la mkono kwa furaha, na kufika kwa mtu wa tatu kilichobaki kilikuwa kichekesho peke yake, ujumbe ulikuwa umeanguka njiani na mimi sikusikia ukianguka.

Jua likawa linashuka, tukapanda. Nikasimama mahali pangu. "Jamani, tunaondoka! Asiyekuwepo anyooshe mkono!" Wakacheka, dereva akapiga honi, tukaondoka tukiimba.

Tulipofika mjini na watu wakashuka, dereva akaniita. "Kipaza, hili koti la nani?" Lilikuwa limekunjwa juu ya kiti, mikono ndani, kola juu, kama shati la dukani. Mtu mmoja tu hukunja koti namna ile. Mwenyekiti alilitazama koti, akanitazama mimi, akapanda tena kwenye basi, nasi tukarudi barabara yote ile na basi tupu linagongagonga viti.

Tulimkuta na mlinzi wa bustani, amekalishwa kwenye dawati, amepewa maji. Kumbe kitasa cha choo kilikuwa kimekwama. Alikuwa mle ndani tangu yule mama alipokuwa anazungumza na mimi. Basi letu liliegeshwa ubavuni mwa vyoo vilevile, Mshauri, karibu kiasi cha kutupiana chungwa, na sauti yangu unaijua, ilimfikia. Mlinzi akatueleza, "Nilikuwa nazunguka kufunga mageti, nikaona mkono umetoka kwenye kidirisha cha juu. Nikadhani kuna mtu ananiaga. Nikapunga na mimi. Mkono ukabaki palepale."

Utaniuliza kwa nini hakupiga kelele. Mtu ambaye hajapaza sauti maisha yake yote, unataka aanzie chooni?

Mwenyekiti akamvika koti. Kimya akanitazama mimi, siyo wao, mimi, na akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. "Ulisema asiyekuwepo anyooshe mkono. Nikanyoosha."

Na mimi nikacheka.

Ndiyo hiyo, nimeiandika, isome mara moja tu upite. Nilicheka kwa sauti, mpaka bwawa likarudisha mwangwi. Sikucheka kwa ubaya. Nilikuwa nimetoka kumdhania amekufa majini, kifua kimejaa, halafu akaniambia jambo ambalo hata mimi bingwa nisingelibuni. Nikayatazama mabega yake. Yalikuwa kama ubao. Dereva alitazama chini, mlinzi alitazama mageti yake, na mimi ndiye niliyekuwa nikicheka peke yangu kama fisi aliyekosea msiba.

Njiani kurudi alikaa nyuma kabisa. Hakukaa karibu nami.

Kesho yake ofisini Mwenyekiti aliniambia, "Kipaza, mzaha mzaha hutumbuka usaha." Nami nikamjibu, "Basi wewe ndiye mwenye pamba." Unaona? Haliponi hili domo.

Nikaenda kwa Kimya. Anaishi chumba cha nyuma kwa binti yake, fundi cherehani anayeshona sare za shule barazani. Nikabisha. "Hodi!" Sauti ikatoka ndani, ndogo, "Hayupo." Mshauri, wewe ungefanyaje? Mimi nilifurahi, nikasema amenisamehe, ananitania! Nikajibu, "Basi akirudi mwambie Kipaza alipita." Nikategea sikio. Palikuwa kimya, na siyo kile kimya chake ninachokijua, chenye mtu ndani.

Binti yake alikuja na beseni la maji ya vyombo, povu juu. "Baba Kipaza, nakuheshimu kwa mvi zako. Ukija tena hapa na vichekesho vyako haya maji nitakuogesha."

"Mwanangu, nimekuja kumwona baba yako."

"Baba yangu unamwona leo? Siku ile bustanini ulikuwa huna macho? Hajawahi kukuudhi hata kwa neno moja."

Jibu lilinijia mdomoni, unalijua, kwamba maneno yenyewe hana. Nililimeza. Nadhani lilikuwa la kwanza kulimeza maishani, na limekwama hapa kooni hadi leo.

Tangu siku hiyo hali ni hii. Kitanda amekigeuza, analala uso ukutani. Akibishiwa na mtu yeyote, hata mjukuu wake, anasema hayupo. Uji anakunywa vijiko viwili anaweka. Binti yake ameutoboa mkanda wa suruali tundu jipya, na suruali bado inateleza. Daktari wa zahanati alikuja, akampima, akasema moyo unapiga, mapafu mazima, tumbo halina tatizo. "Mwili upo," alisema, "mwenyewe ndiye hataki." Binti alinisimulia hayo kupitia uzio, bila beseni, analia, na niliogopa zaidi kuliko siku ya beseni.

Sasa shida yangu. Imebaki safari moja kabla shule hazijafunguliwa. Familia zimeanza kujitoa, wanasema chama kinasahau watu. Mwenyekiti anaona Kimya akipanda basi, watu wakamwona yuko salama, maneno yatakwisha. Mimi nikawaza mpango, nao karibu wote wameuafiki. Siku ya safari, kabla ya kwenda popote, basi zima liende mpaka mlangoni kwake. Dereva apige honi, wazee waimbe, mapacha wabishe hodi waite babu, na mimi nisimame kwenye ngazi ya basi mbele ya watu wote niombe radhi kwa sauti yangu hii yote. Atatoka. Nani asitoke kwa kuimbiwa na basi zima? Bibi wa Karanga peke yake amekataa, amesema, "Ningekuwa mimi ningejifungia na kufuli." Lakini yule ni mbishi tangu tumboni.

Je, niende na basi? Au nijiuzulu kimya kimya nikae nyumbani nisubiri habari ambayo naiogopa? Maana na mimi nimeharibika. Mezani kwa mwanangu siongei tena, mke wake ameniuliza mara kadhaa, "Baba, unaumwa wapi?" Nikifungua mdomo kuchekesha naona mkono umetoka dirishani, naufunga. Jana nilikaa kwenye kiti changu tangu chai hadi giza, nikagundua kwamba vichekesho vyote vile sikuwa nawapa watu, nilikuwa nampa yeye, wengine walikuwa wanaokota makombo. Akienda huyu, mimi nitaongea na nani? Na akienda, atakuwa ameuawa na kichekesho, na kichekesho chenyewe kizuri, hapo ndipo ninapokosa hata pa kulilia.

Nijibu upesi, usinifiche, nimezeeka vya kutosha kuambiwa ukweli.

Na jambo moja dogo, ambalo ni haki yangu. Mwaka jana uliichapa barua yangu ya kumjibu yule bwana aliyelalamikia mkoromo wa mkewe, ukaikata mwishoni, na pale mwishoni ndipo zilipokuwa salamu zangu kwa kinyozi wetu, ambaye alikuwa amekwisha waambia wateja wote kwamba atatajwa gazetini, akaaibika, na mpaka leo ananinyoa upande mmoja vibaya kwa makusudi. Kwa ushauri utanidai, sikatai, bali mimi nakudai salamu. Safari hii usikate. Salamu kwa kinyozi.

Kipaza

—

Mshauri anajibu:

Mzee wangu Kipaza, shikamoo. Nimeanza kukuamkia kwa sababu nitakayoyasema yakishaanza hayatafanana na maamkizi.

Pole. Pole hiyo ni ya kweli, ishike. Umempoteza msikilizaji akiwa bado hai, na hakuna anayekuletea rambirambi kwa msiba wa namna hiyo. Nimeisoma barua yako nikacheka mahali pengi, kisha nikatazama chini kama dereva wako. Najua hukukusudia. Lakini umeomba usifichwe.

Basi lisiende mlangoni kwake. Lisipite hata mtaa wake. Bibi wa Karanga ana akili kuliko kamati yenu nzima, mwombeni radhi. Mtu ameaibika mbele ya watu, nanyi dawa mliyoona ni kumletea watu wengi zaidi? Atoke na suruali inayoteleza, aimbiwe? Ujiulize mpango huo ni kwa faida ya nani. Mwenyekiti anataka Kimya aonekane ili chama kipone. Wewe unataka atoke ili wewe upone. Yeye mwenyewe, katika mpango wote huo, mmempa kazi gani? Ya kupanda basi na kuwa salama mbele ya macho yenu. Mwambie Mwenyekiti nimesema hivyo, na kama anataka kunibishia aniandikie, mama yangu mimi hakuzalishwa naye.

Safari ya mwisho ifanyike, bila Kimya na bila wewe. Majina yaitwe, moja baada ya jingine. Wazee watanuna. Wanune. Mzee aliyenuna ndani ya basi yuko ndani ya basi. Na familia ziambiwe wazi kilichotokea na kilichobadilishwa, zikitaka kujitoa zijitoe, imani haivutwi kwa kumwonyesha mgonjwa.

Sasa wewe. Unadhani kosa lako ni kichekesho. Hapana. Unadhani ni kumsahau. Hata hilo si lote, watu husahau watoto wao sokoni. Mtu ambaye maneno yake ni ya kuhesabu alikuja kwako na sentensi moja, kubwa kuliko zote alizowahi kukupa, nawe ukaipokea kama ulivyozipokea nyingine zote maisha yenu, kama kitu cha kukufurahisha wewe. Huenda alikuwa anatania, huenda alikuwa anakuambia alivyoogopa mle ndani. Mimi sijui. Wewe pia hujui, kwa sababu hukumwuliza. Miaka yote hiyo ya ukuta mmoja, Mzee Kipaza, umenieleza mabega yake, koti lake, randa yake. Hukunieleza jambo hata moja ulilowahi kumwuliza ukangoja jibu.

Kwanza nenda kwa binti yake. Usipite uzio. Mwambie hukuja kumwona baba, umekuja kumwomba yeye ruhusa. Akikumwagia yale maji, lowa. Mwambie pia hili, na hili silisemi kwa utani: mtu mzima anayeishi kwa vijiko viwili vya uji hawezi kuachwa kwa sababu moyo unapiga. Arudishwe kwa daktari, leo kuliko kesho, na daktari asimuliwe yote, choo, kidirisha, kitanda kilichogeuzwa. Siku ile alipimwa mwili tu. Kuna ugonjwa wa kukata tamaa na una waganga wake. Kumpeleka ni kazi yenu nyote, chama kikiwemo, na gari la kumpeleka liwe dogo, lisilo na honi wala nyimbo.

Akikuruhusu binti, chukua kiti, kaa nje ya mlango wa baba yake. Usibishe hodi ya mbwembwe. Sema, "Ni mimi. Nilikuacha. Ulipotuambia, nilicheka." Basi. Usieleze kwamba kifua kilikuwa kimejaa. Usimwulize kama amekusamehe, huo ni mzigo mwingine unamtwisha. Akisema hayupo, usimjibu kitu. Hata kama jibu tamu limekujia, na litakuja, nakufahamu sasa. Kaa. Mdomo ukiwasha, uume. Ukichoka, aga kwa sauti ya kawaida, ondoka, kesho urudi.

Na nyumbani, mke wa mwanao akikuuliza unaumwa wapi, mwambie unapoumwa. Ameuliza mara kadhaa. Nawe usiwe mtu wa kubishiwa hodi asiitike.

Uliniambia nisikufiche. Inawezekana asifungue. Inawezekana amekwisha fika mahali ambapo sauti yako, hata ikiwa ndogo, haimfikii, na utakaa pale siku zote zilizobaki ukitazama ubao wa mlango. Sina dawa ya hilo na sitajifanya ninayo. Wapo niliowashauri hivi wakakaa mpaka mwisho, na mlango ulifunguliwa na watu wa mazishi. Hata hao sikuwahi kumsikia mmoja akisema alijuta kukaa. Waliojuta ni wale waliongoja mambo yatulie kwanza.

Usiende kwa sababu atatoka. Nenda kwa sababu mtu aliyelala uso ukutani anasikia vizuri sana nani amekuja na nani hakuja.

Gazeti hili likikukuta asubuhi, usilimalize. Likunje, vaa viatu, kamba utafungiwa na yeyote aliye karibu, uende.